Lenzi ya Kijerumani, kamera ya kukunja na pete ya mti: yaliyonikuta Old Moshi

Wakuu, mimi nilikuwa mtu asiyeshangazwa na kitu.

Nimeona picha ikitoka na vichwa viwili kwa mwili mmoja. Nimeona Mzungu wa shamba akilia mbele ya kamera yangu. Nimeona bwana harusi akija kupiga picha ya ndoa na mwanamke ambaye siye aliyemwoa. Nikapiga, nikapokea hela yangu, nikanyamaza.

Basi salaam kwenu wote, wapiga picha wa Moshi, Arusha mpaka Tanga. Tangu daftari hili lianze kuzungushwa na makondakta wa mabasi nimesoma visa vyenu vyote na sijaandika hata mstari. Leo zamu yangu. Nitasema kweli tupu, hata pale inaponivua nguo.

Kwa wasionijua: darasa la pili ndipo nilipoishia. Nilianza kwa kufagia studio ya Mhindi mmoja hapa mjini. Leo nina studio yangu karibu na soko, pazia langu la maua, viti viwili vya kukunja na kabati la kioo. Hakuna aliyenifundisha. Niliiba kwa macho.

Haya, tuingie kwenye kisa.

Kamera yangu kubwa, ile ya kukunja inayotoa picha nane kwa filamu moja, ilianguka, lenzi ikapasuka. Mwili mzima, mfuko wake wa ngozi mzima, jicho hakuna.

Sikuhangaika. Kwenye kabati nilikuwa na lenzi ya kamera nyingine, ya tangu enzi za Mjerumani, niliyoinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lenzi safi kama maji ya mfereji wa juu.

Ila nyote mnajua: lenzi ya kamera hii haikai kwenye kamera ile hivi hivi. Tundu si moja. Na kila lenzi ina umbali wake inaotaka kukaa mbele ya filamu. Ikisogea unene wa punje ya mchele tu, umeharibu. Kwa hiyo lazima pete katikati.

Nikaenda kwa sonara anichongee pete ya shaba. Akaniambia shilingi kumi na mbili.

Nilicheka mpaka akakasirika. Shilingi kumi na mbili kwa tundu lenye ukingo?

Nikaenda Rau, kwa seremala mmoja aliyekuwa anapasua mbao, nikaokota kipande chini ya msumeno wake. Bure. Nikachonga mwenyewe kwa kisu na msasa, siku mbili. Ikaingia kama kidole kwenye pete ya ndoa.

Kupima umbali nina njia yangu, mwenye kutaka aichukue. Asubuhi kabla mawingu hayajafunga naipanga kamera kwenye miguu yake mitatu, naielekeza Kibo. Mahali pa filamu naweka kioo nilichokisugua kwa mchanga. Theluji ikikaa kali juu ya kioo, bila ukungu wowote, natia alama: huo ndio umbali wa mwisho. Kutoka hapo nashuka karibu kwa kamba yangu yenye mafundo, fundo moja hatua moja.

Theluji ilikaa kali. Nikajipiga kifua.

Siku hiyo hiyo akaja Eliakunda, mkulima wa kahawa wa Old Moshi, mtu mpole, kofia mkononi.

"Bwana picha, mama yangu anaumwa. Miguu haimbebi tena. Nataka sura yake."

Nikamwambia kwenda mlimani bei ni nyingine.

"Sibishani na bei," akasema. "Baba alikufa hana picha. Siku hizi nikifumba macho namwona koti lake, sura siioni. Sitaki na huyu anipotee hivyo."

Akatoa arbuni shilingi kumi, zilizokunjwa ndani ya leso. Wakuu, nilizipokea. Mimi pia baba yangu namkumbuka kofia tu.

Nikapanda na lori la abiria mpaka lilipoishia, kilichobaki kwa miguu chini ya migomba.

Bibi alikuwa ndani, kando ya mafiga, amejifunga blanketi, ng'ombe nyuma yake kwenye zizi la humo humo ndani. Nikampa shikamoo. Akaitika, kisha akasema neno kwa Kichagga, mwanawe akacheka.

"Anauliza kama hicho kinachovutwa na kukunjwa ni kinanda."

Nikaomba tumtoe nje kwenye mwanga. Akakataa. Alipokelea wageni maisha yake yote hapo motoni, hata picha itamkuta hapo. Basi tukafungua mlango wote, nikaweka kamera karibu na moto, tukangoja moshi upungue. Tulingoja sana. Nikaletewa kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, nikala vizuri.

Nikapima kwa kamba, mafundo matatu. Nikapiga zote nane. Kila moja nilihesabu mpaka nne, na yule bibi hakutikisika hata ukope.

Nikashuka mjini naimba.

Nikasafisha filamu. Wakuu, ng'ombe alitoka kila unywele. Pembe, pua, mpaka inzi. Bibi mbele yake alikuwa uji.

Zote nane.

Eliakunda alipokuja nilitaka kumwambia mama yake alitikisika. Uongo huo nimeutumia kwa wengi, nakiri. Mdomo ukakataa.

Akaitazama picha.

"Ng'ombe amependeza," akasema.

Angenitukana ingekuwa nafuu. Nikamrudishia shilingi zake kumi, akazipokea bila kuhesabu. Akaniambia mama ameacha kula vyakula vigumu, sasa ni maziwa tu. Nikaelewa hatuna wiki nyingi.

Kesho yake asubuhi nikaielekeza tena kamera Kibo. Alama ileile, mlima ule ule, theluji imeyeyuka kwenye kioo kama mafuta. Sikuelewa kitu. Miaka kumi na nane ya kazi, sielewi!

Nikapanda Old Moshi bila kuitwa, nauli yangu, kuomba msamaha na kujaribu tena hata kama sijui tatizo ni nini.

Bibi alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yale yale. Akataka aione mashine iliyompenda ng'ombe. Nikampa. Akaipapasa, kidole kikafika kwenye pete. Akaikwaruza kwa ukucha, akainusa.

Akamwambia mwanawe neno, Eliakunda akainamisha kichwa asicheke.

"Sema tu," nikamwambia.

"Anasema mti huu ni mbichi. Anauliza, kwenu hamna dari?"

Wakuu, niliinusa pete mwenyewe.

Mti mbichi, nikauweka saa mbili karibu na moto! Ulikauka ukasinyaa, lenzi ikarudi nyuma kuelekea filamu, jicho lake likamruka bibi, likaenda kumshika ng'ombe nyuma yake. Jambo ambalo kila mama wa Kichagga anajua, kwamba mti wa kazi hupandishwa darini juu ya moshi miaka na miaka kabla ya kuchongwa. Mimi fundi wa mji mzima nikafundishwa na mtu aliyeiita kamera kinanda.

Akanyoosha mkono, mwanawe akamshushia kutoka darini mwiko mkubwa wa kukorogea, mweusi kama lami. Akanipa.

"Chonga hapo kwenye ubapa," Eliakunda akatafsiri. "Anasema yeye hapiki tena."

Nilikataa. Mwiko wa nyumba hauombwi. Akaning'ang'ania mkono mpaka nikaupokea.

Nikachongea pale pale kwao, siku nzima, mti mgumu kama mfupa. Nikalala kwao. Asubuhi Kibo kilitokea juu ya migomba, nikatia alama mpya. Nikaiacha kamera kando ya moto makusudi, saa mbili, nikarudi nje kupima tena. Theluji kali. Haikusogea.

Ndipo nikapiga.

Niliwapelekea picha kubwa wiki ileile. Kila mkunjo wa uso upo, na ng'ombe nyuma ndiye uji. Eliakunda aliitazama akatoka nje, akakaa huko kitambo. Bibi akauliza mwiko wake uko wapi kwenye picha. Nikamwonyesha pete, nikamwambia sura yake imepita humo.

"Basi mmenipika kwa mwiko wangu mwenyewe," akasema, safari hii kwa Kiswahili.

Nilikuwa nimemnunulia mwiko mpya sokoni. Akaugonga kwa kucha, akaamuru upandishwe darini. Utafaa, akasema, baada ya miaka kumi na tano.

Alifariki kabla kahawa haijaiva. Picha ipo ukutani kwa mwanawe. Pete iko kwenye kamera hadi leo, haijasogea.

Nilichojifunza: kabla ya kulaumu lenzi, nusa pete. Na mteja usimwambie alitikisika. Sasa nanyi andikeni, kurasa mbili nimewaachia. Fundi wa Arusha, najua utaandika pembeni "uongo", lakini njoo kwanza uione.

Kwa picha ya pili sikumtoza Eliakunda kitu. Filamu mbili, karatasi, dawa, nauli za kupanda na kushuka mara tatu, na senti hamsini za mwiko ulioko darini: pete yangu ya bure, niliyomchekea sonara wa shilingi kumi na mbili, ilinigharimu shilingi kumi na tisa na senti themanini.