Vidole vya Mama wa Stoo

Mama wa stoo hakagui kamba kwa macho. Huketi juu ya kreti, akafumba macho, akaipitisha yote vidoleni, mita sitini, huku akifoka bila kumtazama anayefokewa. Wapanda mlima wanaorudi kutoka kwenye barafu kila mmoja hupata lake. "Karanga mmeacha, kamera tatu mmebeba! Njaa ikikushika kule juu utatafuna picha?" Soksi mbichi zikiingizwa ndani ya begi la kulalia, huzitupa nje ya mlango pamoja na begi lenyewe.

Siku hiyo vidole vilisimama katikati ya kamba. Akarudi nyuma, akabonyeza tena: palikuwa laini kama ndizi iliyooza ndani.

"Nani kaikanyaga kwa viatu vya meno ya chuma?"

Kiongozi wa safari, aliyemwoa binti yake, akacheka. "Mama, ni mimi. Lakini ganda lake la nje ni zima. Wageni wako tayari, na nyingine hatuna."

"Hata yai viza lina ganda! Na mwanangu ana mimba ya miezi saba."

"Sasa tuahirishe safari kwa ajili ya vidole vyako?"

Mama alifumbua macho. Alichukua kisu akaikata pale palipolegea, kisha akaendelea kukata, vipande vya urefu wa mkono, hadi mwisho. Alikwisha kuwajua watu hawa: kamba ikibaki ndefu, hakosekani wa kuihurumia na kupanda nayo tena.