Azuba, Jina la Mama wa Mfalme

Mama alijivunia jina langu kuliko mbuzi wake wote. Mtu akiuliza Azuba ni jina gani, alijibu kabla sijafungua mdomo: "La Kiebrania. Jina la mama wa mfalme." Kwetu Mitunguu, miaka hiyo ya tisini, hakukuwa na Azuba mwingine, nami kichwa kilinivimba kweli.

Jumapili moja akaja mhubiri mgeni kutoka Embu, msomi, mpenda kuchambua majina. Alitusimamisha watoto mbele ya kanisa. Huyu jina lake ni njiwa, yule ni neema, watu makofi. Nilipotaja langu, alijikuna shingo.

"Azuba," akasema polepole, "maana yake ni aliyeachwa."

Loo! Kanisa zima lilijua kwamba baba alikwenda mjini Maua kwenye biashara ya miraa nikiwa bado tumboni, akaoa huko, asirudi. Mwanakwaya mmoja aliziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Nilitamani ardhi inimeze. Mama aliangalia viatu vyake tu.

Njiani nilimlipukia. "Kwani hukuuliza maana kabla ya kunibandika?"

"Niliuliza. Kasisi aliniambia siku ile ile ya ubatizo, na nikalitaka hivyo hivyo. Nilidhani baba yako akisikia ukiitwa, ataona haya arudi."

"Na alisikia?"

"Hajawahi kufika karibu akasikia." Alisimama kando ya mfereji, akajipangusa uso. "Aibu nilimpikia yeye, mwanangu, ukaila wewe. Nisamehe."

Nimsamehe? Ng'o! Nilimwambia asiniite jina hilo tena maishani, na kweli hakuniita. Nikawa "wewe" na "sikia". Nyumbani tulikuwa wawili tu, kwa hiyo nilielewa kila mara ni mimi anayesemeshwa, lakini alisema kwa woga, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Hilo nalo lilinitia haya, nikajifanya silioni.

Siku ya kukata ndizi, nilikuwa ng'ambo ya mfereji nikikusanya majani. Mkungu mkubwa ulimlemea mama, akaukumbatia kifuani huku miguu ikiteleza kwenye tope. Alifungua mdomo kuniita. Akakumbuka. Akaufunga, akabaki akiniangalia, akitetemeka na mzigo wake.

Nilitupa majani nikaruka mfereji nikilia.

"Niite, mama! Niite tu!"