Neno la Mbele na Mkato Wake

Jumamosi iliyopita binti wa jirani alinijia na daftari. "Shikamoo mama. Eti hapa mkato unakaa wapi?" Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini mkato ule niliujua. Nikamwonyesha, akaenda zake. Nikabaki jikoni nimeshika mwiko mpaka ugali ukaungua.

Unajua, tulipokuwa wadogo kule Maji ya Chai, mwalimu wetu wa Kiingereza alipenda neno la wakati likae mbele. "Anza na lini!" alisema akigonga ubao. "Piga mkato, vuta pumzi, ndipo useme kilichotokea." Akatuonya kwamba neno la mbele ndilo bosi wa kitenzi: ukianza na Yesterday, jambo limeshapita; ukianza na Tomorrow, bado liko njiani. Nasi, watoto wa Kimeru, tulivuta pumzi kweli, darasa zima, kama ng'ombe wanaonusa majani.

Niliishi na bibi. Mama alikuwa Nairobi akifanya kazi za ndani, na kila nikiambiwa nitunge sentensi niliandika ileile: Tomorrow, my mother will come. Kesho mama atakuja. Msichana aliyekaa nyuma yangu akasema, "We, hiyo kesho yako imeharibikiwa na basi Namanga?" Darasa likacheka. Nilicheka na mimi, maana kusema ukweli alilisema vizuri.

"Sentensi haina kosa, mwanangu," mwalimu alisema. "Ila badilisha neno la mbele, umelichosha." Nilishindwa.

Siku moja tulibakizwa baada ya masomo kwa mazoezi ya hayohayo. Nilirudi jioni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Ndani nikakuta harufu ya mafuta ya nywele, gauni jipya kitandani, na bakuli la loshoro, mahindi na maziwa mgando, limeliwa nusu.

"Mama yako alikuja," bibi alisema, huku akipukuchua mahindi. "Tajiri yake alimpa siku moja tu, akawahi basi. Nilimwambia asikutoe darasani. Usome."

Alifanya kwa nia njema. Nimelipima jambo hilo miaka mingi na bado naona hivyo, ingawa si kila siku. Ile loshoro niliimalizia.

Kesho yake niliandika: Yesterday, my mother came. Mwalimu aliisoma kwa sauti, akaniwekea vema kubwa, darasa likapiga makofi, hata yule wa nyuma. Sikutunga tena sentensi ya mama. Hakurudi, na mimi sikuulizia sana. Labda hapo nilikosea.

Leo bibi hayupo, ng'ombe waliuzwa, na migomba iliyokuwa nyuma ya darasa letu imekatwa, pamejengwa fremu za maduka. Lakini alipokuwa mgonjwa, bibi aliniambia kwamba siku ile mama alipita kwanza shuleni. Alisimama kwenye migomba akatusikiliza tukikariri sentensi kwa pamoja, akafika nyumbani anacheka kwa furaha, anasema sauti yangu ameitambua.

Nikamwambia, ahsante bibi. Sikumwambia kwamba siku ile njaa ilikuwa inaniuma, na wenzangu walipokariri mimi nilikuwa nachezesha midomo tu.