Mambo Matano ya Jumapili na Mfuko wa Mbegu wa Yaya

Kwa miaka mitatu, kila Jumapili asubuhi, niliwatumia watu kwenye simu orodha ya mambo matano niliyoyagundua wiki hiyo kwenye intaneti. Niliyagundua nikiwa nimelala chali. Neno "kugundua" lilinipendeza sana. Lilinifanya nijione kama mtu aliyevuka mto, wakati safari yangu yote ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti.

Wiki moja ilikuwa habari ya pweza anayebadilika rangi usingizini. Wiki nyingine ilikuwa Mzungu aliyeacha kazi katika mji mkubwa, akajenga nyumba ya udongo, akapika kwenye chungu juu ya mafiga matatu, na ulimwengu mzima ukamwita jasiri. Nilimsifu kwa aya nzima. Nje ya dirisha langu, hapa Kasongo, jirani yangu alikuwa anapika kwenye chungu juu ya mafiga matatu, huku akinitukana kwa sababu nilikuwa sijamrudishia shoka lake. Yeye hakuingia kwenye orodha.

Wasomaji nilikuwa nao: watu wa kwetu walioko Kindu, Bukavu na Ulaya, waliojibu kwa vile vijikono vya kupiga makofi kabla hawajafika kwenye jambo la pili. Nilijua hawafiki, kwa sababu siku moja nilituma tena orodha ya mwezi uliopita, na makofi yakaja yale yale. Niliwadharau, nikaendelea kuwaandikia. Mtu anayewadharau wasomaji wake na bado anaamka mapema kuangalia kama wamempigia makofi, sijui tumwite nani. Mimi nilijiita mwandishi.

Aliyeniamini alikuwa mmoja tu, naye hajui kusoma. Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya tangu utotoni, analima mpunga Wamaza, ambako simu hupata mtandao ukipanda juu ya kichuguu, na siku nyingine hata kichuguu hakisaidii. Orodha yangu ilimfikia kwa pikipiki. Mwendesha pikipiki mmoja, anayepeleka chumvi na sabuni huko, aliipokea hapa Kasongo kwenye simu yake, na akifika Wamaza aliisoma kwa sauti wanawake wakitwanga mpunga. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia jinsi walivyoipokea habari ya pweza.

"Ni nyama gani hiyo?"

"Nyama ya bahari. Iko na mikono nane."

"Mikono nane, na hata moja haishike muchi!"

Walicheka hadi wakaacha kutwanga. Yaya peke yake hakucheka. "Ni mutoto wa mama yangu aliandika," aliwaambia. "Hawezi kuandika bure."

Halafu ikaja wiki ya mpunga. Nilitaka kuwafurahisha watu wa kwetu, nikapata video ya mkulima mmoja wa Asia. Anatia chumvi kwenye maji mpaka yai lielee, kisha anamimina mbegu: mapepe, zile punje tupu, yanapanda juu, punje nzito zinazama, na hizo zilizozama ndizo za kupanda. Ni jambo zuri kweli. Nilimalizia hivi: "Yai linaelea kama mwezi wa mchana, na mbegu bora inakaa chini, kimya." Nilisoma sentensi hiyo mara nne, nikijipenda.

Yule mkulima aliendelea kusema. Alisema mbegu isuuzwe papo hapo kwa maji safi, mara tatu, na ipandwe siku ile ile. Nilijaribu kuyaweka maneno hayo baada ya mwezi wangu. Yaliuharibu mwisho. Nikayakata.

Haikupita muda mrefu, mwendesha pikipiki akasimama mlangoni kwangu nikiwa nakunywa chai.

"Mwalimu, Yaya yako anauliza: mbegu ya maji ya chumvi inaweza kungojea mvua siku ngapi?"

"Ameitia mbegu yote kwenye chumvi?"

"Mufuko muzima. Alinunua chumvi yangu yote. Alichagua vizuri, akarudisha mu mufuko. Sasa ni siku kumi."

Mfuko ule ulikuwa mbegu yake yote ya mwaka, ile ile aliyoachiwa na mama yetu, ambayo ameipanda na kuivuna miaka yote bila kuichanganya na nyingine. Sikumaliza chai. Nilipanda nyuma ya pikipiki.

Yaya alinifungulia mfuko mbele ya wenzake waliokuwa wakitwanga. Harufu iliyotoka ilikuwa ya pombe iliyosahauliwa. Alikuwa ameshajaribu: alilaza punje chache kwenye kitambaa chenye maji, akangoja, na hakuna hata moja iliyochipua.

"Mudogo wangu," aliniuliza, "nilikosea wapi? Nilitia hata yai."

Ningependa kusema nilijibu mara moja. Kwanza nilimtazama mwendesha pikipiki, aliyesimama pale na vumbi hadi kwenye nyusi, nikafikiria jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kusema alisoma vibaya. Nilikuwa nimeshaanza hata kuipanga sentensi, na ilikuwa inatoka vizuri.

"Hukukosea," nikasema. "Kulikuwa na maneno mengine. Niliyakata."

"Kwa nini?"

"Hayakupendeza."

Mchi mmoja ulisimama hewani. "Yaseme sasa," akasema mwenye mchi.

"Suuza mara tatu kwa maji safi, panda siku ile ile."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Maskini. Maneno hiyo ilikuwa nzito, pikipiki ingeanguka."

"Mimi nabeba mifuko ya chumvi, mama," mwendesha pikipiki akasema bila kunitazama. "Na hiyo ningeibeba."

Walicheka tena. Yaya aliingia jikoni, akatoka na mafungu machache ya masuke ya mpunga ule ule, ya akiba, meusi kwa moshi, yaliyofungwa kwa kamba ya mti. Mama alikuwa akiyatundika juu ya moto, na Yaya ameendelea kuyatundika. Yalitosha kipande kidogo kando ya nyumba. Shamba lenyewe mwaka huu lingepandwa karanga.

Nimekula mpunga huo tangu nianze kula, na sikuwahi kuuliza masuke yale yanachaguliwaje. Nikamuuliza. Akaanza kunieleza, taratibu, akinionyesha suke kwa suke, mpaka alipoona kidole changu gumba kikitembea kwenye simu.

"Uko unaandika?"

"Ya Jumapili, Yaya. Itakuwa jambo la kwanza."

"Weka simu chini," akasema. "Hata hii utaikata."

Jumapili ilinikuta huko huko. Orodha haikutoka, na niliporudi nilikuta hakuna aliyeuliza iko wapi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeinama kando ya nyumba, natia punje ardhini. Nilizizamisha mno. Yaya alikuwa nyuma yangu, shimo kwa shimo, anazifukua na kuzipanda upya.