Swali la Kahawa ya Bure

Mluzi mwembamba, uliopitishwa katikati ya meno, ukashuka polepole hadi ukakatika. Hivyo ndivyo Tellervo Hakkarainen alivyotufundisha kifua cha mgonjwa wa pumu, darasani pale Kajaani, theluji ikiwa imefika usawa wa madirisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mvaaji wa soksi za sufu alizofuma mwenyewe, na kwa miaka thelathini na moja aliwafundisha wauguzi somo la dawa.

Hakupenda tukariri majina. Dawa zina koo zake, alisema. Ukiujua ukoo utamtambua hata mjukuu usiyewahi kumwona. Upo ukoo wa vizuia-beta, unaotuliza moyo uendao mbio na kushusha presha. Lakini mlango unaoufunga moyoni una ndugu yake mapafuni, na kwa mwenye pumu, huo nao ukifungwa, njia ya hewa hubana. Kila mtihani wake uliishia na swali lilelile: mgonjwa ana pumu, ukoo upi usimpe? Tuliliita kahawa ya bure, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulikosa.

Mumewe, Taisto, alipasua mbao kiwandani mpaka alipostaafu. Utotoni alikuwa na pumu. Ukubwani haikumrudia, na hakutaka itajwe. Januari ya 1988 alipimwa macho, akakutwa na presha ya macho. Daktari aliuliza kama ana ugonjwa wa kifua. Taisto akajibu hana. Tellervo alikuwa kando yake, koti mapajani, akanyamaza. Kwetu mke hamjibii mume aliyekaa hapohapo na ulimi wake mdomoni. Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tunafanya kazi pamoja, aliniambia kwamba alikusudia kumtania garini kwa uongo ule, ila barabara ilikuwa na barafu, akasahau.

Dawa ilikuwa ya matone. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Taisto aliketi jikoni akainua uso, na mkewe akamdondoshea tone moja kila jicho.

"Mama, unaniunguza."

"Jitu zima linaogopa tone. Hebu tulia."

Jina lilikuwa ubavuni mwa chupa, na herufi zake za mwisho ni zilezile alizotuandikia ubaoni kila mwaka kwa chaki nyekundu, alama ya ukoo wa vizuia-beta. Alizisoma. Lakini chupa yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kidole gumba, tena ya macho. Hakukumbuka kwamba tone la jicho hushuka puani, likaingia kwenye damu, likafika kifuani.

Siku ya nne Taisto alianza kukohoa. Siku ya sita aliingia ndani kutoka kuzoa theluji, akashika ukingo wa meza, na kifuani mwake ukatoka ule mluzi. Tellervo akasema ni baridi, maana nje ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, akainama kumvua viatu. Asubuhi iliyofuata alimdondoshea tena. Kahawa haijamaliza kuchemka, Taisto alikuwa sakafuni. Gari la wagonjwa lilitoka umbali wa kilomita sitini, likachelewa.

Hakuna aliyemlaumu. Wifi yake alileta mkate wa shayiri, akakaa naye. Ni yeye mwenyewe aliyeitoa chupa kabatini, wiki mbili baada ya mazishi, akaisoma upya, polepole, kama mwanafunzi. Tangu hapo alibaki na jambo moja la kuamua: alitamke, au astaafu nalo.

Machi alirudi kutusahihishia mtihani. Mluzi hakuupiga tena. Alipitia swali baada ya swali, sauti yake kavu, hadi likabaki lile la mwisho. Kimmo, mcheshi wetu wa nyuma, alijua tu kwamba mwalimu amefiwa, hakujua vipi. Huenda alitaka kumchangamsha.

"Hilo tuliruke, Tellervo. Hata paka wa bibi yangu halikosi."

Tukacheka. Yeye aliiweka chaki mezani, akajifuta vidole kwenye sketi, kimoja kimoja, mpaka kicheko kikatuishia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini hivi kwamba sisi wa mbele ilibidi tuiname:

"Mimi nililikosa."