Gunia la Ndagala

Tulikuwa wanne kiwanjani: mama yangu Zaina, baba yangu Ramazani, kaka yangu Hamisi aliyekuwa akiungua kwa homa, na mimi. Wa tano ni rubani, Musiye Polo, aliyekuja kumpeleka Hamisi hospitali.

Kiwanja kilikuwa kifupi, nyasi zimelowa, mbele yake mikaratusi. Rubani alikipima kwa hatua, akampima Hamisi kwenye mizani ya pamba, akamkatalia mama kupanda.

"Apana, mama. Uzito mingi. Mutoto peke yake."

"Na huko nani atamupa chakula, Musiye?"

Nikamhurumia kaka. Walipogeuka, nikasukuma gunia letu la ndagala nyuma kabisa, mkiani mwa ndege, harufu ya samaki ikachanganyika na ya petroli.

Ndege ilichelewa kunyanyuka. Ikainua pua mno, ikayumba huku na huku juu ya miti. Nikapiga makofi. "Mama, angalia, Hamisi anatuaga!"

Kisha mlio ukakatika, moshi ukapanda. Wakubwa walisema ni nyasi mbichi zilizoiangusha ndege. Niliamini.

Juzi, barabara zimefungwa na vita, nilimsindikiza mjukuu wangu Asha, mwenye risasi mguuni, kwenye ndege ndogo kama ile. Rubani akavuta mfuko wa mchele kutoka mkiani, amekasirika.

"Nani ameweka hii nyuma, bibi? Pua inapanda, ndege inaanguka!"

Asha alifika salama. Mimi nilikaa chini palepale.

Gunia nalikumbuka kubwa. Kama kuna aliyeliona, na lilikuwa dogo, tafadhali anisahihishe.