Eda Si Jina la Mtu

Sifa zote ni za Mola, anayetulaza na kutuamsha, na baina ya hayo mawili hutuonyesha alilotaka tulione.

Usiku ule nililala na uzito moyoni. Jumba moja la maigizo la Marekani lilitaka kuucheza mchezo tulioandika mimi na Mwalimu Shabani, Mungu amrehemu, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, hotuba ndefu ya kadhi ikatwe. Pili, mwishoni, pale mjane anapokaa eda bila kusema neno, barua ilisema: "Eda aimbe na kucheza kidogo, maana watu wamenunua tiketi." Walidhani Eda ni jina la mwanamke.

Kimya kile kilikuwa changu. Nilikitoa katika eda ya marehemu mume wangu. Hotuba ilikuwa ya Mwalimu. Nikikataa yote, mchezo unarudi sandukuni. Nikikubali, nawasaliti marehemu wawili.

Ndotoni nikajiona ndani ya jumba kubwa, viti vyekundu, hakuna mtu. Mwalimu anakuja kati ya viti, kanzu yake ina vumbi la chaki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Saada. Eti wanamtaka Eda acheze ngoma?" Anacheka mpaka anashika kiti. "Basi mnunulie viatu vya kisigino!"

Mara tumo darasani kwetu. Mchezo wote umeandikwa ubaoni kwa mkono wake. Namwambia sitakubali neno lake hata moja liguswe. Anachukua dasta, anaanza kuifuta hotuba.

"Mwalimu, usifute!"

"Mwanangu, hata mimi nilisinzia nikiiandika. Waachie. Nao wana jumba la kuendesha."

Anafuta, anafuta, mpaka mstari wa chini kabisa: *Mjane anakaa. Hasemi.* Mkono unasimama. Ananitazama vile alivyonitazama zamani, nilipokaribia kupata jibu.

"Hapa," anasema, "hapauzwi."

Niliamshwa na adhana ya alfajiri, kifua chepesi kama cha mtoto. Nikaswali, kisha nikawaandikia: hotuba kateni, nimeridhia. Eda si mtu. Ni siku za mjane kukaa na msiba wake. Anyamaze, au mniachie mchezo wangu.

Jibu lao halijafika, nami nalala vizuri. Nawe unayesoma, Mola akujaalie kujua cha kutoa na cha kushika, na awarehemu waliokufundisha.